Mama Everlyne na Mistari ya Mkonge Stars

Ukiuliza hapa Voi historia ya Mkonge Stars utaambiwa habari za mabao, na nyingi ni za uongo. Mimi niliyecheza beki wa kushoto miaka hiyo yote nasema historia yetu ni mama mmoja, Everlyne Wakesho, fundi cherehani, mzaliwa wa Mwanda, kule milimani. Aliteremka Voi kuolewa na Lewis, kipa wetu wa kwanza. Lewis alipofariki, wanawe walimtaka arudi milimani akapumzike. Akakataa. Alisema siku timu ya mumewe itakapokufa ndiyo siku atakayofunga mizigo.

Basi akatushonea jezi, akatufulia, akatukemea. Kila mkesha wa mechi alichora mistari ya uwanja kwa majivu, ameinama, leso kiunoni, hataki msaada wa mtu. Ukijitolea, anakuambia mstari wako utapinda kama pasi zako. Mimi ilinichoma, maana pasi zangu zilipinda kweli.

Msimu uliopita tulibakiwa na mechi moja, ya Jumamosi. Tulihitaji sare tu tusishuke daraja, na kushuka kungekuwa kuvunjika, kwa sababu wachezaji wazuri walikuwa wameshaanza kuitwa kwingine. Na majivu hayapatikani. Mtaa mzima umehamia gesi. Geoffrey, nahodha wetu, anayefanya kazi kwenye ranchi moja upande wa Ndara, akaleta gunia la unga mweupe kutoka stoo.

"Mama, hii ni chokaa safi kabisa," akasema.

Ijumaa hiyo Mama Everlyne alichora mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona.

Asubuhi tukakuta ng'ombe. Walikuwa wakipelekwa kunywa maji, wakafika uwanjani, wakagoma kuondoka. Wengine wamejipanga mstari wa kati wakilamba, wengine wameshamaliza boksi zima la goli la chini. Kumbe Geoffrey alituletea chumvi ya mifugo! Mtu anawapa ng'ombe chumvi hiyo kila wiki, na bado haitambui. Nilimtukana mpaka nikaishiwa maneno.

Mama Everlyne hakutukana. Aliketi chini, miguu ameinyoosha.

"Bila mistari refa hachezeshi," akasema. "Wageni watapewa pointi. Imeisha, wanangu."

Sikuwahi kumwona mama huyu amekata tamaa. Niliogopa kweli.

Ndipo upepo ukaleta harufu ya kuni na pilau. Nyumba iliyo nyuma ya goli ni ya Mzee Mbaruk, na jana yake walikuwa wamemwozesha binti yao, Nasiha. Pilau ya harusi haipikwi kwa gesi. Shida ni kwamba madirisha ya nyumba ile tulikuwa tumeyavunja mara nyingi, tena bila hata kuomba radhi. Mama Everlyne alisimama mlangoni kitambo kabla ya kupiga hodi.

"Mama Nasiha, samahani, najua muko na sherehe," akamwambia Bi Mwanaesha, mke wa Mbaruk. "Naomba tu majivu."

"Majivu? Ya nini tena, mwenzangu?"

Akaelezwa habari ya ng'ombe. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaita wanawake wote waliokuwa jikoni.

Walikuja na masufuria ya majivu vichwani, hina mikononi, wakamwaga huku wakiimba nyimbo zao za harusi. Mistari ilipinda vibaya. Duara la kati lilitoka kama yai. Refa akalitazama, akatutazama sisi, akapuliza kipenga.

Tulitoka sare ya bila kwa bila. Mechi mbovu ajabu, nami namshukuru Mungu kwa kila dakika yake, kwa sababu mwaka huu bado tupo ligini.

Jioni nilimsindikiza Mama Everlyne kurudisha masufuria.

"Mungu akubariki, Mama Nasiha," akasema. "Umeniokolea timu ya marehemu."

"Ya marehemu?" Bi Mwanaesha akamshika mkono. "Mwenzangu, tangu Lewis azikwe nakuona kutoka dirishani mwangu, umeinama pale peke yako. Miaka yote hii nangoja uniite."

Mama Everlyne akaketi kizingitini, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza, na Bi Mwanaesha akaketi kando yake.