Mkono wa Generosa kwenye Gia

Shangazi yangu Generosa alipooza mguu wa kushoto kabla hajajifunza kutembea vizuri. Alikulia Ushirombo, karibu na misheni. Masista walimfundisha kushona kwa cherehani cha mkono, na kanzu zote za watoto wa altare zilipita mikononi mwake. Babu yetu, mzee Bujiku, alimpenda kuliko watoto wake wote, lakini alishajiambia kwamba binti huyo hataolewa. Shangazi alilijua hilo, akaendelea kushona.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini wafadhili waliiletea parokia gari dogo jeupe la otomatiki, lisilo na klachi. Dereva wa misheni, aliyezoea Landrova, alilikataa wiki ileile. Kila alipotaka kubadilisha gia, mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi, ukaangukia breki, na abiria wakagonga vichwa. Padre Alois naye alijaribu, akaishia kwenye ua wa masista. Gari likaegeshwa nyuma ya ghala, kuku wakaanza kutaga chini yake.

Siku moja shangazi alisimama pale na fimbo yake, akachungulia ndani, kisha akamfuata padre.

"Padre, lile gari linahitaji mguu mmoja tu. Mimi ninao."

Padre alicheka, halafu akaacha kucheka. Akamtafuta Valerian, dereva wa lori la pamba ambaye kila msimu alilala misheni akisubiri mzigo. Alikuwa kapera, mrefu, mpole, na alipenda injini kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

Valerian hakuliamini gari lile. "Gari likijichagulia gia, dada Generosa, wewe ni abiria," alimwambia siku ya kwanza ya mafunzo, wakiwa kwenye uwanja wa mpira. Kisha akamwonyesha kwamba kando ya mkono wa gia, chini ya herufi ya D, kulikuwa na namba ya mbili, na chini yake ya moja. "Hizi hazikuwekwa kama pambo. Ukiweka mbili, halipandi zaidi ya mbili mpaka utake wewe."

Basi akamfundisha kulibadilisha kwa mkono. Kwenye tope jeusi la mbugani, aondoke na namba mbili ili magurudumu yasizunguke bure. Kwenye mlima, gari likianza kusitasita, kupanda gia na kushuka, alishikilie palepale kwenye mbili. Na asishushe gia kabla mwendo haujapungua. Valerian alifumba macho akisikiliza mlio, akitaja namba. Baada ya muda mkono wa shangazi ulikuwa unafika kabla hajataja.

Msimu wa pamba ukaisha. Valerian akaendelea kuja Ushirombo, mara kuna spea anatafuta, mara kuna ndugu mgonjwa. Hatukuwahi kumwona huyo ndugu.

Ikafika siku ya kumpeleka Padre Alois Geita kwenye sherehe ya upadrisho. Shangazi aliendesha, Valerian akakaa kando yake, padre nyuma, na mbuzi wa zawadi kafungwa miguu kwenye buti. Walipoanza kuteremka mteremko mrefu wa changarawe, shangazi alikanyaga breki mara kwa mara, mpaka akasikia pedali inazama. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Valerian akanyoosha mkono kushika breki ya mkono.

"Acha, kaka Valerian," shangazi akasema. "Litateleza."

Akaivuta gia kwenye mbili. Injini ikanguruma, gari likajikaza kama limeshikwa mkia. Chini, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Hakuharakisha. Alisubiri mwendo upungue, ndipo akaweka moja, na wakawafikia ng'ombe wale kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Mbona linalia hivyo?" padre akauliza.

"Linajizuia, padre."

Waliegesha kwenye tambarare breki zipoe.

"Hukunitajia namba," akamwambia Valerian.

"Nilikuwa nasali."

"Ulifumba macho?"

"Nilifumba. Nilikuwa najiuliza pia kama nikienda kwa mzee Bujiku atanipokea."

Padre Alois alishuka, akasema anakwenda kumtazama mbuzi. Alimtazama kwa muda mrefu sana.

Valerian alipokuja kuposa, babu alimpokea kwa wasiwasi, akamuuliza mara mbili kama ameuona mguu. Valerian akajibu ameuona, na kwamba yeye alimpenda mwenye mguu. Babu akatoka nje, na aliporudi akamkubalia.

Baada ya harusi shangazi aliendesha gari la misheni kwa miaka mingi, akibeba wagonjwa, makatekista, magunia ya mpunga, maharusi. Kwenye miaka ya themanini petroli ikawa ya kupanga foleni, na mafuta ya gia za otomatiki hayakupatikana kabisa. Gari likasimama. Alililia siku moja, faraghani, akidhani hatujui.

Baadaye walihamia Tinde, wakafungua chumba cha ushonaji kando ya barabara. Valerian, alipoacha malori, alijifunza kukata kitambaa. Hukata vibaya. Shangazi hurekebisha mshono bila kumwambia, na wateja hawajawahi kulalamika.