Mpima Damu Aliyetoka na Darubini Uani

Mpima damu wetu wa Musoma alikuwaga na macho ya kuona kiroboto wa Bunda akipiga miayo. Vioo vya kupakia damu aliviosha kwa magadi avitumie tena, maana vipya viliadimika kama sabuni. Siku mjukuu wangu Boke alipochemka homa, umeme ulikatika. Daktari akafoka, "Andika malaria, wote wana malaria."

"Sijaona, siandiki," akajibu mpima damu.

Akabeba darubini mpaka uani ipate mwanga wa jua. Wingu likaja, akalitukana mpaka likaondoka. "Bibi, chungulia." Nikaona vijinyuzi vinajinyonganyonga kwenye damu. "Homa ya papasi, wale kupe wa sakafuni. Kwa klorokwini ya malaria angetufia huyu." Akaandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Daktari akaipokea na tundu lake, akaandika penisilini.