Kereng'ende wa Rangi ya Chungwa

Enzi zetu pale Tabata, mtoto akitumwa maji alirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Njiani kulikuwa na mtaro wa bustani za mchicha, na mtaro ule, jamani, ulijaa kereng'ende! Wale wakubwa wanaotua wametandaza mabawa tuliwaachia watoto wadogo. Sisi tulitaka wale wembamba kama njiti ya kiberiti, wanaokunja mabawa mgongoni.

Kazi ilikuwa kwa wale wa rangi ya chungwa. Walikuwa wa aina mbili, na ukiwatazama kwa ubavu ungeapa ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja ana mstari mweusi mgongoni, mwingine hana kitu. Mwamuzi wetu alikuwa dada Somoe, binti wa majirani waliotoka Mtwara. Ananyoosha kijiti, unaita "Mstari!" au "Mtupu!" bila kumgusa mdudu. Ukikosea, unabeba ndoo ya mwenzio mpaka kwao, halafu unarudi kuchukua yako. Mimi nilishabeba ndoo za mtaa mzima, utosi unaniwaka moto.

Siku moja nikasema leo sibebi. Hamisi, bingwa wetu, akamtazama mdudu kwa ubavu na kuita, "Mtupu!" Mimi nikalala kifudifudi kwenye tope na gauni langu la madrasa. Nikamchungulia mgongoni, nikaona kauzi keusi! "Mstari!" nilipiga kelele mpaka mdudu akaruka. Bahati akatua tena mbele ya Somoe, naye akainama, akacheka: "Hamisi, beba ndoo ya mwenzio!" Weee! Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikitembea kwa maringo kama bibi harusi. Mama akalitazama gauni. "Nimekutuma maji, umeniletea shamba?" Fimbo za siku ile wala sikuzisikia.

Juzi nilimpeleka binti yangu Tatu kwa bibi yake. Bustani karibu zote zimekuwa nyumba, kimebaki kipande cha mtaro. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, tukaenda kuchota kisimani, na wakati wa kurudi nikamwona! Chungwa kabisa, juu ya jani! Tatu, kama wenzake wa siku hizi, akatoa simu ampige picha ili simu imtajie jina. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Nikamwambia weka simu, nikamweleza sheria zetu.

"Mtupu!" nikatangulia, nimesimama wima kuyaonea huruma magoti yangu. Tatu akapiga magoti matopeni na raba zake nyeupe. "Mama, mbona ana mstari!" Nikavaa miwani, nikainama. Kweli alikuwa nao.

Nilicheka mpaka machozi. Zamani tuliwakuta wengi hadi tunagombana, leo tumempata mmoja tu, na Somoe sijui yuko wapi. Natamani angemsikia mwanangu. Nikabeba ndoo ya Tatu mpaka kwa bibi yake, kisha nikarudi kuchukua yangu, naye nyuma yangu ananiuliza kesho tunakuja saa ngapi.