Fremu ya Al-Dirah

Niliiona huko Riyadh, katika duka la vyuma chakavu mtaani Al-Dirah: fremu ya baiskeli ya mashindano, ya chuma, imepakwa rangi ya kijani ya milango. Nikaichukua hadi kwetu Jeddah. Mjomba wangu, fundi wa magari, alinicheka.

"Wewe mtoto wa kike, chuma hichi kibovu cha nini?"

Nilipoisugua kwa msasa, chini ya rangi ikajitokeza nyota ndogo iliyochongwa kwa mkono. Mjomba akainama kuitazama.

Nilituma picha kwa wapenzi wa baiskeli za zamani huko Italia. Wiki tatu baadaye mwanamke mmoja akanipigia simu, akinitafsiria maneno ya baba yake mzee. Nyota ile aliichonga mzee huyo mwenyewe. Fremu alimtengenezea msichana mmoja mwendesha baiskeli wa mashindano, akampima miguu na mikono kwa kamba. Ilifikaje Arabuni, hajui.

"Baba anauliza urefu wako."

Nikamtajia. Nikamsikia mzee akicheka huku analia.

"Anasema ni kipimo chako hasa. Panda."

Mjomba alipokwisha kuitia magurudumu na vifaa vingine vyote, nikapanda. Miguu ilifika kwenye pedeli bila kurekebisha chochote.