Nilimtaja Shangazi kwa Jina Lake Kamili

Nilikosa mimi, wala simtafuti wa kumsukumia. Sikukosa kwa njaa wala kwa ulevi. Nilikosa kwa usomi, jamani! Nimechoka kulibeba hili peke yangu, ndiyo maana nakuambia wewe msomaji usiyenijua.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa Dar es Salaam, nasomea uandishi wa habari ngazi ya uzamili. Shahada ya kwanza ninayo tayari, kichwa kimevimba. Kwetu Ngara ukisema msichana ana digrii na bado anasoma, watu waliuliza anatafuta nini tena, au mume hamtaki?

Aliyenilea ni shangazi yangu wa Mabawe, dada wa baba, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mimi na huyo binamu tulilala mkeka mmoja tangu utotoni.

Mhadhiri wetu alikuwa na wimbo wake: habari isiyo na jina la msemaji ni umbea. Lete jina, lete kijiji, lete umri. Ukiandika "mama mmoja alisema", anakurudishia kazi yako mbele ya darasa zima. Mimi alinirudishia, wenzangu wakacheka, nikaenda kulia chooni.

Kwa makala ya mwisho tulitakiwa kwenda vijijini. Nikachagua nyumbani. Nilimkuta shangazi amehamishwa kutoka mlimani, anakaa kibanda cha nyasi kando ya barabara, kwenye kijiji kipya cha nyumba za mstari. Migomba yake ilibaki kule juu, na kaburi la mumewe limo humo humo kati ya migomba. Katibu kata alikuwa ameshatangaza kwamba atakayeonekana anarudi mahameni, shamba lake la zamani litafyekwa.

Mchana ule shangazi alileta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mirija miwili. Kwetu mwenyeji hutangulia kuvuta, ndipo mgeni afuate. Mkishakunywa kibuyu kimoja, mliyoyasema yanabaki hapo. Hakuna anayekwambia "usiseme". Kumwambia mtu hivyo ni kumtukana.

Akaniambia. Kila akienda kuokota kuni hupitia kwenye migomba yake, hutoa majani makavu, hukata mkungu mmoja, huuficha katikati ya mzigo wa kuni, hurudi nao.

"Hata hii unayokunywa ni ndizi za marehemu," alisema. "Nisipokwenda kuiona, migomba itadhani na mimi nimekufa."

Tulicheka mpaka akakohoa. Sikumuuliza kama naweza kuandika. Ningemuulizaje? Mtoto haombi ruhusa ya kumsikiliza mama yake.

Niliandika yote. Jina lake, la kwake na la baba yake. Kijiji, umri, mlima, mpaka ujanja wa kuni. Niliona namheshimu! Niliona nchi nzima itampenda kama ninavyompenda mimi. Mhadhiri alinisifu darasani, akaipeleka gazetini, nikatembea wiki nzima sigusi ardhi.

Shangazi hakujua kusoma. Makala yangu aliisikia kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji. Binamu yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Katibu kata alifungua gazeti akasoma kwa sauti, polepole, kama padri na injili yake. Alipofika kwenye kuni, watu wakainamisha vichwa. Akamwita shangazi asimame.

"Mama, haya maneno ni yako?"

"Ni yangu. Nilimwambia mwanangu."

Angeweza kukana! Nani angemlaumu? Kijiji kizima kilikuwa kinamwombea akane. Lakini angekana, mimi ningeonekana mwongo mbele ya watu, na hilo hakulitaka. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo.

Siku hiyo hiyo walipanda mlimani na mapanga. Migomba yote ikalala chini, mpaka ile iliyolitia kaburi kivuli.

Nilirudi na cheti changu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba." Akanipikia, nikala. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Niliomba msamaha, akasema yamepita, akaenda kuchota maji.

Kisha vita vya Kagera vikaja. Wakati huo nimeshaajiriwa gazetini. Binamu yangu akaenda, hakurudi. Mhariri alipotaka sauti za mama waliofiwa, akanituma mimi kwa kuwa ni mtu wa huko. Nikashuka kupitia Biharamulo, vumbi mpaka kwenye meno, najidanganya kwamba nakwenda kama mtoto wa nyumbani.

Tulilia pamoja, hilo silifichi. Kisha nikamuuliza shangazi, binamu yangu aliaga vipi, alisema nini mlangoni. Naapa sikuwa nauliza kwa ajili ya gazeti. Nilitaka kujua mimi.

Shangazi akanitazama, akajifunga vizuri kanga.

"Mwandishi," akasema, "hayo nitabaki nayo."

Mwandishi! Mimi aliyenifuta kamasi kwa mkono wake!

Alibaki nayo kweli. Alikufa nayo. Maneno ya mwisho ya ndugu yangu siyajui, na hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii, mkarundika vyeti juu ya vyeti, nawaomba. Kabla ya kuandika jina la mtu, jiulizeni ni nani atakayemsomea hilo gazeti, na mbele ya nani. Msijifariji kwamba habari ni ya kweli. Yangu ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno.