Hodi ya Mskoti

Sijawahi kukanyaga Uskoti, wala Mskoti mwenyewe hajui kama nipo duniani. Lakini kwa miaka mingi, kila mara mwigizaji huyo wa filamu alipofungua kinywa mbele ya watu wa Temeke, sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Nilikaa chumbani Tandika, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za mtaa, kipaza sauti mdomoni, nikawasemea wote: bwana, bibi, jambazi, mpaka mbwa. Kabla ya hapo nilikuwa mwigizaji wa jukwaani, na watengeneza filamu wa Kinondoni walinipenda mpaka walipoitazama sura yangu kwenye kioo cha kamera. Nikasema basi, uso umekataliwa, koo litakula.

Mskoti nilimpenda kwa sababu naye alianzia jukwaani, na hakuwa mzuri. Walimpa baba mlevi, padri, askari mzee anayesubiri kustaafu. Ushujaa waliwapa wengine. Nusu ya Kiingereza chake sikukielewa. Nilitazama macho yake nikamtungia maneno, na nadhani mara nyingi nilimtungia mazuri kuliko aliyopewa na wenzake.

Kitu kimoja kilinikera katika filamu zao. Mtu anarudi kwake, anafungua mlango, anaingia kimya. Kwenye banda la video watu wangeanza kumsema: huyu mwizi, au kagombana na mkewe? Basi nikampa Mskoti hodi yangu mwenyewe, ile niliyoitoa kila jioni mlangoni kwangu. Katoka kazini, hodi. Kalewa chakari, hodi. Watoto wa mtaani wakawa wananiamkia, "Shikamoo, Mskoti," nami naitikia kwa sauti yake.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nilitafuna tangawizi, nikalamba asali, nikalaumu vumbi. Tulipofika hospitali, uvimbe ulikuwa umeshajichagulia makazi. Daktari, mstaarabu sana, alisema nitapona, ila koromeo lazima litolewe lote. Mke wangu akauliza kama nitabaki hata na sauti ya kunong'ona. Daktari akaandika tarehe ya upasuaji.

Nimepona. Hujafa hujaumbika, wananiambia, mshukuru Mungu. Nami nashukuru kwa kutikisa kichwa. Napumulia tundu shingoni, nalifunika kwa kitambaa alichokishona mke wangu. Mskoti bado yuko kazini, nywele zimekuwa nyeupe zote, na sasa anasemewa na kijana mmoja wa Kinondoni anayemfanya mzee wa watu abweke. Nilitazama filamu yake moja nikalia kwa hasira, na kilio hakikutoa mlio. Hata kulia nimenyang'anywa.

Kibaya kuliko vyote ni mlango wangu. Naingia kimya kama wale wa kwenye filamu. Mara ya kwanza mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Aligeuka akanikuta nimesimama nyuma yake, ungo ukamtoka mikononi. Siku hizi napiga makofi nje. Anasema karibu, kwa sauti ile ile anayomkaribishia muuza mkaa.

Halafu akaanza kutokuwepo jioni. Aliniambia anakwenda kwa jirani, sikumuuliza zaidi, na ningemuulizaje? Juzi, baada ya alasiri, nilipita nyuma ya banda la video nikamwona. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la nje, mgongo ukutani, kanga begani, hatazami chochote. Ndani walikuwa wameweka filamu ya zamani. Nilimsogelea kwa ubavuni nikanyoosha mkono nimguse bega.

Huko ndani, kwenye filamu, kitasa kililia, viatu vikakanyaga sakafu, kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nzima, koo safi: "Hodi! Mama watoto, upo?"

"Nipo, baba watoto," mke wangu akajibu taratibu. "Karibu."

Nikaurudisha mkono wangu. Hakunisikia nilipofika, na hakunisikia nilipoondoka.