Majalada Mawili, Nyumba Moja

Pale ofisi za halmashauri hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Bi Taratibu, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mtu akiingia masjala anahema, anataka jalada papo hapo, aliambiwa, "Taratibu, mwanangu, karatasi hazina miguu." Ya pili, hakuna aliyezijua taratibu za ofisi ile kumshinda. Afisa mgeni akikwama, hajui fomu gani inasainiwa na nani, alitumwa huko huko chini: "Kamuulize mwenyewe."

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mama mfupi, mnene, miwani imefungwa kamba shingoni. Masjala yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma mpaka darini, meza ambayo mguu wake mmoja ulitiwa kipande cha boksi isiyumbe, na mihuri sita iliyopangwa kwa kimo kama watoto mstarini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiyapanga majalada ya ustawi wa jamii kwa namba za nyumba. Watu wanaoa, wanaachika, wanabadili majina, alisema, lakini nyumba utaikuta palepale. Ukivuta jalada moja ulipata wote waliolala chini ya paa lile: babu asiyeona, mama anayedai matunzo, mtoto aliyeacha shule.

Kisha yakaja mabadiliko. Baraza la madiwani lilipitisha kwamba idara ya ustawi igawanywe. Watoto wawe na idara yao, kwenye jengo dogo la nyuma. Watu wazima, yaani wazee, wagonjwa na wenye ulemavu, wawe na yao ghorofani. Tetesi zikaenea kwenye korido: nani atahamishwa, nani atapewa ofisi yenye feni, nani ndiyo basi tena. Watu waliokunywa chai pamoja miaka kumi wakaanza kunywa kwa makundi.

Bi Taratibu hakupinga. Alikuwa amewahi kumwona mtoto wa miaka tisa aliyekuja na jambo zito la kusema. Mtoto yule alikaa saa tatu kwenye benchi katikati ya mke na mume waliokuwa wakitukanana, mwishowe akaondoka na jambo lake moyoni. Siku ile Bi Taratibu alikula chakula cha mchana bila kujua ladha yake. Kwa hiyo aliposikia watoto watapata mlango wao, alisema, "Walichelewa tu."

Kazi ya kuyagawa majalada ikamwangukia yeye. Majalada ya kijani yawe ya watoto, ya buluu yawe ya watu wazima. Kwa wiki saba alifungua, akachambua, akatoboa, akafunga upya. Jioni mumewe, ambaye ni kinyozi na kama vinyozi wote hajui kunyamaza, alimtazama kichwani akisema, "Mke wangu, nywele zako zimejaa vumbi la serikali. Wembe wangu hauna kibali cha kuzigusa."

Katikati ya kazi ile, swali moja lilimsumbua. Akamuuliza mtaalamu aliyeletwa kusimamia mpango.

"Na nyumba yenye mzee na mtoto, jalada lake liende wapi?"

"Kila mtu na lake, mama. Mzee juu, mtoto nyuma."

"Na nyumba yenyewe?"

Mtaalamu alicheka kwa adabu. "Nyumba haiumwi, mama."

Bi Taratibu akaendelea kuchambua. Ila daftari lake la zamani, lile kubwa lenye namba za nyumba, alilibakiza kwenye droo. Kila jalada jipya lililopita mikononi mwake aliliandika humo, kwa mazoea tu.

Mwezi wa tano, Jumanne asubuhi, aliletewa rundo la majalada yaliyofungwa. Jalada likifungwa, maana yake ni kwamba ofisi imemalizana na mtu huyo, na kazi ya masjala ni kulipiga muhuri na kuliweka rafu ya mwisho. Akachukua la kijani. Ndani, kwa mwandiko safi, palikuwa na maneno haya: "Limefungwa. Mtoto anatunzwa na bibi yake." Akagonga muhuri, akaandika namba ya nyumba daftarini. La nne baada ya hilo lilikuwa la buluu: "Limefungwa. Mzee anatunzwa na mjukuu wake." Alipoinamia daftari kuandika namba, akaikuta imeshaandikwa, wino haujakauka.

Kwanza alicheka, kicheko kikamtoka peke yake chumbani. Kisha akatazama umri wa mtoto, akaacha kucheka. Miaka kumi na mitatu.

Alipanda ngazi akiwa na majalada yote mawili kwapani. Mkuu wa watu wazima, mwanaume mpole aliyewahi kuwa muuguzi, aliyasoma akakuna shingo. "La kwangu limefungwa sawasawa, dada. Huyu bibi hayuko peke yake. Suala la mtoto, waone idara ya watoto." Bi Taratibu akashuka, akavuka ua, akaingia jengo la nyuma. Mkuu wa watoto alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu na wa ulimi, mezani pake simu mbili zinalia.

"Mama yangu, mtoto ana mlezi. Tukiwafuata wenye walezi, wasio na walezi tutawafikia lini? Bibi akiwa mgonjwa, hiyo ni ya ghorofani." Akatabasamu. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha taratibu?"

Hilo lilimchoma. Alirudi masjala akakaa mbele ya mihuri yake. Kwa taratibu, karani hatembelei nyumba za watu. Karani hutunza karatasi. Lakini moyo ulikataa kutulia, na Jumamosi asubuhi akavaa viatu vya kutembelea. Mumewe akafunga kibanda chake cha kunyolea akamfuata. "Siwezi kukuacha uvunje sheria peke yako," alisema.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili mwisho wa uchochoro, mbele imefagiwa mpaka inang'aa. Mlango ulifunguliwa na msichana mwembamba, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba." Kisha, kabla hata hawajaketi: "Mmekuja kututenganisha?"

Bi Taratibu hakuwa na la kumficha. "Mwanangu, mimi natunza karatasi tu. Karatasi zenu hazikuniridhisha, ndiyo nikaja kutazama."

Msichana alimpima kwa macho, akasogea pembeni wapite.

Kila kitu mle ndani kilibandikwa kikaratasi. CHUMVI. SUKARI. HII NI SABUNI, USILE. Juu ya jiko, kwa herufi kubwa nyekundu: BIBI, USIWASHE. NISUBIRI. Na kwenye kiti karibu na dirisha alikaa bibi mwenyewe, amenyooka kama mwalimu mkuu. Alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Alimtazama Bi Taratibu kuanzia juu mpaka chini, macho yakatua tumboni.

"Miezi mingapi hiyo?"

Kinyozi alijikohoza, akageukia ukuta mabega yakitikisika.

"Bado michache, bibi," mkewe akajibu.

"Usibebe maji. Na wewe," akamgeukia kinyozi, "kama kazi yako ni kusimama, simama nje. Kama una kazi nyingine, ifanye."

Kazi nyingine alikuwa nayo. Kitana na mkasi havikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake. Alimwomba bibi ruhusa, akamfunga taulo shingoni, akaanza kumpunguza nywele huku wakibishana juu ya hali ya hewa ya mwaka ambao hakuna kati yao aliyeukumbuka vizuri. Mkasi ukilia taratibu, msichana akapata nafasi ya kusema.

Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na bibi ndiye aliyemlea. Miaka miwili sasa bibi alikuwa akisahau, kwanza majina, kisha njia, kisha moto. Siku moja sufuria iliungua ikawa nyeusi ti, bibi amekaa pembeni anaimba. Tangu hapo, msichana alikuwa akitoka shule kila mapumziko, anakimbia nyumbani, anatazama, anakimbia kurudi. Mara nyingi kengele ilimtangulia. Shuleni wakamwandika mtoro.

"Maafisa walipokuja, ulisemaje?" Bi Taratibu akauliza.

"Wa kwanza aliuliza kama nina mtu wa kunitunza. Nikasema ninaye. Wa pili aliuliza kama bibi ana mtu wa kumtunza. Nikasema anaye." Akashusha macho. "Sikudanganya, mama. Tunatunzana."

Njiani kurudi, kinyozi hakusema neno hata moja, na hilo lilimtisha mkewe kuliko mengine yote.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kamati ya madiwani ya huduma za jamii. Katika kikao hicho kazi ya Bi Taratibu ni kukaa nyuma na majalada, yakihitajika ayatoe. Mwenyekiti alikuwa diwani mzee, muuza mabati na misumari, mtu wa maswali mafupi. Wakuu wote wawili walisoma taarifa zao, na zilipendeza: foleni zimepungua, watoto wanahudumiwa siku hiyo hiyo, majalada mia mbili na arobaini yamefungwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Madiwani wakagonga meza.

"Hebu tuone mawili matatu kati ya hayo yaliyofungwa," akasema mwenyekiti.

Bi Taratibu akainuka. Msimulizi hawezi kudanganya: yale mawili alikuwa ameyaweka juu kabisa tangu asubuhi.

Mwenyekiti alivaa miwani. Akasoma la kijani kwa sauti, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasoma la buluu. Akarudi la kijani. Akaweka vidole juu ya namba ya nyumba, kimoja huku, kingine huku.

"Huyu mjukuu ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, mheshimiwa," akajibu Bi Taratibu.

"Yaani bibi anamtunza mjukuu, na mjukuu anamtunza bibi. Sisi je, tunamtunza nani?"

Diwani mmoja aliangua kicheko, akakimeza haraka. Bi Taratibu aliinamisha uso. Sasa wataruka, aliwaza, kila mmoja atamsukumia mwenzake, na mimi ndiye nitakayebaki na lawama.

Lakini mkuu wa watoto alisimama, simu zake amezizima. "Mheshimiwa mwenyekiti, la kijani nililisaini mimi. Na huyu mama aliniletea yote mawili mezani kwangu. Sikumsikiliza." Akaketi. Mkuu wa watu wazima naye akanyanyuka nusu: "Na mimi pia, mheshimiwa. Aliniletea mimi kwanza."

Diwani mmoja akataka idara ziunganishwe tena kama zamani. Wengine wakaitikia. Mwenyekiti akageukia nyuma. "Mama, wewe unasemaje?"

Miaka ishirini na sita hakuwahi kuulizwa hivyo kwenye ukumbi ule.

"Msiunganishe, mheshimiwa. Watoto sasa wanakaa kwenye benchi lao, wanasema yao. Hilo msiliguse. Ila kabla jalada halijafungwa, mtu aje masjala aniulize kama nyumba hiyo ina jalada jingine. Ninalo daftari."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kila Jumatano saa nane wakuu wale wawili wakakutana ghorofani, meza moja, na katikati yao Bi Taratibu na daftari. Jumatano ya kwanza walizipata nyumba tisa. Mpaka mwaka unakwisha zilifika ishirini na tisa: mama mlemavu anayepikiwa na mwanawe wa miaka minane, babu anayelea mapacha na hasikii, na nyingine ambazo kila afisa alidhani ni za mwenzake.

Nyumba ya mkunga ilikuwa ya kwanza kushughulikiwa. Afisa mmoja akapewa wote wawili, bibi na mjukuu, wasizungushwe tena kwa mtu mwingine. Mhudumu wa wazee akaanza kufika kila siku ya shule asubuhi mpaka saa tisa, mama mchangamfu ambaye naye alizaliwa mikononi mwa bibi yule, ingawa bibi alimwambia kila asubuhi kwamba amechelewa kujifungua. Mkuu wa watoto alikwenda mwenyewe shuleni, na neno "mtoro" likakatwa kwa kalamu mbele ya macho yake. Msichana alilala mchana wote wa Jumamosi ya kwanza, kuanzia saa tano mpaka jua linatua, na hakuna aliyemwamsha.

Bibi hakupona. Ugonjwa ule haurudi nyuma, na zipo siku alimwita mjukuu wake kwa jina la mamake. Lakini hawakutenganishwa, na jikoni hapakuungua kitu tena. Kinyozi alikwenda kila mwisho wa mwezi na mkasi wake, akatukanwa, akarudi nyumbani amefurahi.

Bi Taratibu hakupandishwa cheo. Alipewa kiti chenye magurudumu, asichokipenda, na karani mpya wa kumfundisha, kijana wa kompyuta, aliyempenda sana. Siku ya kwanza alimwambia, "Huko kwenye mashine yako, niwekee mahali pa namba ya nyumba. Mengine utanielekeza wewe." Kijana aliweka.

Jumatano moja kikao kiliisha mapema. Wakuu wawili walitoka wakiwa bado wanabishana juu ya familia fulani, nani aanze kwenda, mimi au wewe, kila mmoja akitaka aende yeye. Sauti zao ziliteremka ngazi, zikavuka ua, zikapotelea jengo la nyuma. Bi Taratibu alizisikiliza mpaka mwisho huku akifuta meza. Akazima feni, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda zake nyumbani akitembea polepole, kama kawaida yake.